Kinyozi hajinyoi

Swali

"Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 39 na ninaongoza timu ya watu tisa. Mwezi uliopita ofisi yetu ilifanya tathmini ya siri: wasaidizi walijaza dodoso kuhusu wakuu wao bila kuandika majina. Nilipopewa majibu sikuamini. Sita kati ya tisa wamesema, kila mmoja kwa maneno yake, kwamba sisikilizi. Mmoja ameandika aya nzima, ndani yake kuna sentensi hii: 'Anatuomba maoni akiwa ameshaamua.' Mwalimu, kitu ninachojivunia kuliko vyote ni uwazi wangu. Kila kikao naeleza mpango wangu, natoa sababu, kisha nauliza kama kuna mwenye maoni. Mara nyingi wanakubali. Niliwaita kuzungumzia matokeo haya, nikawaeleza sababu za maamuzi yangu moja baada ya jingine; wakanyamaza, nikajua tumeelewana. Kila usiku naandika shajara na kujitafakari, na nimehudhuria mafunzo mawili ya uongozi. Bosi wangu wa kwanza alikuwa mtu wa kusitasita, idara ikamfia mikononi, nami niliapa sitakuwa hivyo. Naomba unisaidie. Nani yuko sahihi, mimi au wao? Mtu wa umri wangu anaweza kubadilika kweli? Nikianza kukiri makosa hawatanidharau? Na huyu aliyeandika aya ile nadhani namjua. Nizungumze naye?"

Jibu

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilichukua kalamu nikapigia mstari sentensi nne. Nitazirudia moja moja, kwa sababu mengi unayoniuliza umeshayajibu mwenyewe ndani yake bila kukusudia.

Nianze na hilo la nani yuko sahihi. Wewe unaeleza nia yako. Wao wanaeleza kilichowafikia. Nia yako unaijua wewe peke yako na sina sababu ya kuitilia shaka. Lakini msaidizi wako hana mahali pa kuchungulia moyo wako. Alicho nacho ni yale aliyoyaona kikaoni: ulianza kusema lini, yeye alipopinga uso wako ulikuwaje, na wazo lake liliishia wapi. Kama swali ni iwapo unasikiliza, basi mashahidi ni wao, maana anayejua kama amesikilizwa ni yule aliyesema. Na watu sita kati ya tisa ni ushahidi mzito.

Najua inauma, na inauma zaidi kwa sababu imegusa kile kile unachojivunia. Mtu ambaye hajawahi kujigamba kwa hesabu ukimwambia hajui hesabu atakubali bila shida. Mguse pale alipojengea heshima yake, mwili wote unakataa. Nimefundisha wakuu wa idara na vitengo kwa zaidi ya miaka 25, na jambo hili nimeliona likijirudia: kasoro kubwa ya mtu hukaa jirani kabisa na sifa yake kubwa. Mwepesi wa maamuzi hukosa masikio. Mpole hashindwi kumpa mtu pole, ila hushindwa kumwambia kazi yake ni mbovu, hadi siku ya kumwachisha kazi inapofika. Mchapakazi huwafanyia wasaidizi kazi zao, kisha anashangaa mbona hawakui. Kwa hiyo usione umesingiziwa. Umeonyeshwa kisogo chako tu, sehemu ambayo kila mtu huiona isipokuwa mwenyewe. Ndiyo maana wazee wakasema kinyozi hajinyoi: wembe anao, mkono mwepesi anao, vichwa vya watu ameshanyoa bila idadi, lakini kisogo chake kinangoja mkono wa mwenziwe.

Sentensi ya kwanza niliyoipigia mstari ni hii: "Kila usiku naandika shajara na kujitafakari." Ni tabia njema na sitakwambia uiache. Ila ujue mipaka yake. Ndani ya shajara wewe ndiye mshitakiwa, wewe ndiye wakili, na hukumu unaiandika wewe. Mwaka 1977 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Richard Nisbett na Timothy Wilson, walichapisha makala ambayo mpaka leo inanyenyekesha mtu yeyote anayeamini kwamba anajijua kwa kujitazama ndani. Katika jaribio mojawapo waliwawekea wapita njia jozi nne za soksi ndefu za nailoni na kuwaomba wachague iliyo bora. Jozi zote zilikuwa sawasawa. Iliyo mwisho kulia ndiyo iliyochaguliwa na wengi zaidi. Walipoulizwa sababu, hakuna aliyetaja mahali soksi zilipokaa. Walisifu ufumaji, ulaini, ubora wa kitambaa. Na walipoulizwa waziwazi kama huenda nafasi ya soksi mezani iliwavuta, karibu wote walikana. Hawakuwa waongo. Akili iliwatungia sababu nzuri nao wakaiamini. Shajara yako inaweza kuwa inafanya kazi hiyo hiyo kila usiku, kwa moyo safi kabisa.

Kuna jingine linalokuza tatizo. Tukitaka kujua kama mwenzetu ana upendeleo au kiburi tunatazama matendo yake. Tukitaka kujua kama sisi tunao, tunatazama nia zetu, na nia tukiikagua huwa ni njema. Emily Pronin na watafiti wenzake wameliandikia sana jambo hili tangu 2002. Mizani ni mbili, na ile ya kujipimia wenyewe ni laini.

Chris Argyris na Donald Schön, wanazuoni waliochunguza jinsi watu wanavyojifunza kazini, ambao kazi yao ya 1974 nimeitumia darasani miaka yote, walitenganisha imani anayoitamka mtu na imani inayoongoza mwenendo wake. Nikikuuliza unaongozaje, utanipa ile ya kwanza. Ya pili naipata kwa kukaa kwenye kona ya chumba chako cha mikutano na kunyamaza. Argyris aliacha pia zoezi ambalo napenda ulifanye mahali pa shajara, walau siku mbili kwa wiki. Chukua mazungumzo magumu ya siku hiyo. Ukurasa ugawe kati. Upande wa kulia andika maneno yaliyotamkwa, yako na yake, kama yalivyosemwa, bila maelezo. Upande wa kushoto andika ulichokuwa unawaza bila kukisema. Usihukumu chochote, andika tu. Kesho yake soma. Utakuta kulia umeandika "Nadhani wazo lako ni zuri, ila tuangalie na hili," na kushoto "Hili tulishalimaliza, mbona ananirudisha nyuma?" Niamini, yule msaidizi aliusoma upande wa kushoto siku ile ile. Ulikuwa usoni mwako.

Sentensi ya pili: "Kila kikao naeleza mpango wangu, natoa sababu, kisha nauliza kama kuna mwenye maoni."

Jiweke kwenye kiti cha msaidizi. Mkuu wako ameshazungumza robo saa. Mpango una sababu, una mpangilio, pengine una tarehe. Halafu anauliza kama kuna mwenye maoni. Kupinga sasa ni kumpinga mkuu mbele ya wenzako, na jibu rahisi kwa swali la "kuna mwenye maoni?" ni "hapana". Ulichokiita kuomba maoni, kwao ni kuomba baraka. Yule aliyeandika "akiwa ameshaamua" hakukutukana. Alieleza mfuatano wa kikao kama ulivyo.

Sentensi ya tatu ndiyo iliyonifanya niweke kalamu chini: "Nikawaeleza sababu za maamuzi yangu moja baada ya jingine, wakanyamaza, nikajua tumeelewana." Mwanangu, watu walikuambia husikilizi, nawe ukawajibu kwa kuwaeleza. Wakanyamaza. Ukimya ule ulikuwa sehemu ya pili ya dodoso, nawe ukausoma kama saini.

Nataka nikae kidogo kwenye ukimya, kwa sababu hapa ndipo uongozi mwingi unapopotelea. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia katikati ya ukungu. Walikufa watu 583. Moja ya ndege hizo, ya shirika la KLM, ilianza kuruka bila kibali, huku ile ya Pan Am ikiwa bado kwenye njia hiyo hiyo. Sababu zilikuwa nyingi: ukungu, mawasiliano ya redio yaliyoingiliana, maneno ya kibali yaliyoeleweka vibaya. Lakini kinasa sauti kilihifadhi kitu kimoja ambacho kila kiongozi angepaswa kukisikia. Ndege ikiwa inashika kasi, mhandisi aliyekuwa chumba cha marubani aliuliza kama ile ndege nyingine haijatoka njiani. Aliuliza; hakusema "simamisha". Nahodha akamjibu kwa uhakika kwamba imetoka. Hakuna aliyeuliza tena. Nahodha huyo hakuwa mzembe wala mgeni wa kazi. Ndiye aliyekuwa mkuu wa mafunzo ya 747 katika shirika lake, mtu ambaye wengine walijifunza kwake. Huenda heshima hiyo ndiyo iliyofanya swali lile litoke dogo namna ile na life mapema namna ile.

Usafiri wa anga ulijifunza kwa gharama hiyo na kwa ajali nyingine za miaka ile. Mwaka 1979 NASA iliitisha warsha juu ya makosa ya kibinadamu ndani ya chumba cha marubani, na tangu 1981 shirika la ndege la United la Marekani likaanza kuwafundisha marubani wake jinsi ya kufanya kazi kama timu: walio chini wafundishwe kusema na kurudia kusema, nahodha afundishwe kuuliza na kushukuru. Leo mafunzo hayo yameenea karibu duniani kote. Ninachokipenda ni kwamba hawakungoja wapate manahodha wanyenyekevu. Walibadilisha utaratibu, na utaratibu ukawabadilisha manahodha.

Amy Edmondson wa Harvard alikutana na sura nyingine ya jambo hilo hilo. Katika miaka ya 1990 alichunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali, akitegemea kwamba timu bora zitakuwa na makosa machache. Takwimu zikamletea kinyume: timu zenye uongozi mzuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi kwenye kumbukumbu. Alipochimba zaidi akaona maelezo yake. Katika timu hizo watu hawakuogopa kusema "nimekosea", kwa hiyo makosa yalionekana na kurekebishwa. Kwingine yalifichwa. Sasa rudi kwenye vikao vyako na ujiulize, ni lini mara ya mwisho mtu alikuletea habari mbaya kabla hujaigundua mwenyewe? Jibu la swali hilo litakupa picha ya uongozi wako kuliko kurasa mia za shajara.

Niseme na langu, kwa sababu somo hili sikulipata vitabuni. Nilipokuwa naongoza kitengo cha mafunzo, mwenzangu mmoja, mdogo kwangu kwa cheo, alinifuata baada ya kikao akaniambia, "Maswali yako ni mitihani. Unajua jibu, unangoja tulifikie." Nilimjibu palepale: "Mfano upi?" Maneno yalikuwa ya kawaida, sauti ilikuwa ya kudai ushahidi. Akasema hapana, yamepita, akaondoka. Ulipita karibu mwaka mzima kabla hajaniambia tena neno lolote la maana, na katika mwaka huo tuliendesha programu mbili ambazo yeye alijua tangu mwanzo kwamba hazitafaa. Alikuwa anajua, na mimi nilikuwa nimemfunga mdomo kwa maneno mawili. Bado linanisikitisha.

Tangu hapo naamini kwamba kujitambua kwa kiongozi kunaamuliwa katika sekunde kumi hivi zinazofuata habari asiyoipenda. Hapo moyo unaenda mbio, na maelezo yanakuja yenyewe mdomoni, mazuri, yaliyopangika. Ukiyatoa, umefunga mlango, na aliyebisha hodi atawasimulia wenzake kwamba mlango haufunguliwi. Ukiyameza na kusema "nieleze zaidi", kisha ukaandika anachosema mbele yake, umeufungua. Usikubali palepale, wala usikatae. Mwambie, "Nahitaji kulitafakari, nitarudi kwako Alhamisi." Halafu Alhamisi urudi kweli. Hiyo Alhamisi ndiyo watu wanayoisubiri kuona.

Sasa la kubadilika. Umeniuliza kama mtu wa umri wako anaweza. Aprili 1961, Rais John F. Kennedy wa Marekani, akiwa na umri wa miaka 43 na akiwa madarakani kwa miezi mitatu tu, aliruhusu uvamizi wa Cuba kupitia Ghuba ya Nguruwe. Ulishindwa ndani ya siku tatu. Baadaye ilijulikana kwamba baadhi ya washauri wake walikuwa na mashaka makubwa na hawakuyasema kwa nguvu pale mezani. Oktoba 1962, makombora ya Kisovieti yalipogunduliwa Cuba, ni rais yule yule, na wengi wa washauri walikuwa wale wale. Lakini vikao viliendeshwa tofauti. Mawazo yanayopingana yaliwekwa mezani na kupigwa msasa, na mara kadhaa Kennedy alijiondoa chumbani makusudi ili watu waseme bila kumtazama yeye usoni. Mgogoro ule uliisha bila vita ya nyuklia. Katika mwaka mmoja na nusu tabia ya mtu haigeuki sana, na sidhani yake iligeuka. Alibadilisha mpangilio wa mazungumzo na nafasi yake ndani ya mpangilio huo.

Ndiyo ninayokushauri na wewe. Acha kwa sasa mradi wa kuwa "mtu anayesikiliza"; ni mkubwa mno na haupimiki. Badilisha mfuatano wa kikao. Leta tatizo, usilete mpango. Wape watu dakika tano kila mmoja aandike wazo lake kabla mtu yeyote hajasema, maana maneno yaliyokwisha kuandikwa hayageuki kirahisi kufuata upepo. Anza kumsikiliza aliye mdogo kwa cheo. Wewe sema mwisho. Nelson Mandela alisimulia kwamba alijifunza hili akiwa kijana, akimtazama mtawala wa Wathembu aliyemlea, Jongintaba, akiendesha mikutano: watu wote walisema walichonacho, wengine wakamkosoa waziwazi, naye akasikiliza bila kujitetea, akafungua kinywa mwishoni tu. Mandela alisema alijitahidi kuufuata mwenendo huo maisha yake yote.

Na unapouliza, uliza kidogo. "Mnanionaje kama kiongozi?" ni swali linalomweka mtu kwenye kitanzi. Muulize mmoja mmoja, faragha, kuhusu tukio moja: "Kwenye kikao cha leo, ni wapi nilikukatiza au nilipita haraka?" Hilo linajibika. Kuna sababu ya msingi pia. Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya tafiti nyingi kuhusu mrejesho kazini na mashuleni, wakakuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya mirejesho ilishusha utendaji badala ya kuupandisha. Maelezo yao ni kwamba mrejesho unaoelekeza mawazo ya mtu kwenye nafsi yake, mimi ni nani, nina thamani gani, humwondoa kwenye kazi. Unaomgusa kwenye kazi yenyewe humsaidia. Nadhani hilo ndilo lililokupata mwezi huu: umesoma majibu kama hukumu juu ya utu wako, wakati wao walikuwa wanaeleza namna vikao vyenu vinavyokwenda.

Sentensi ya nne ni ya bosi wako wa kwanza. "Niliapa sitakuwa hivyo." Hapa nakuomba usiwe na haraka. Robert Kegan na Lisa Lahey, watafiti wa jinsi watu wazima wanavyobadilika, wameeleza kwamba mtu anaposhindwa kuacha tabia anayotaka kweli kuiacha, mara nyingi tabia hiyo inamfanyia kazi fulani ya ulinzi ambayo hajaitazama. Kuja na mpango uliokamilika kunakulinda. Kunakuhakikishia kwamba hakuna siku mtu atasimama mlangoni mwa ofisi yako akuone hujui la kufanya, kama wewe ulivyomwona yule mzee wa watu. Kiapo chako kilikuwa cha haki wakati kinaapwa. Kilikufikisha hapa. Lakini kilikufundisha kuweka mambo mawili kwenye fungu moja: kusikiliza kabla ya kuamua, na kushindwa kuamua. Yule bosi, kwa maelezo yako, hakuwa na ugonjwa wa kusikiliza. Alikuwa haamui. Unaweza kusikiliza kwa dakika arobaini na kuamua kwa moja.

Lijaribu kwa kitu kidogo ambacho hakiwezi kuangusha idara. Chagua uamuzi mmoja, uingie kikaoni bila mpango, na uangalie kama kile unachokiogopa kitatokea. Wengi niliowapa zoezi hili walirudi wakiwa wameshangaa. Wachache walirudi na kikao kilichopoteza mwelekeo, na hao tulikaa tukaona kwamba walisahau kutaja mwanzoni ni saa ngapi uamuzi utatolewa na nani. Taja hilo. Kusikiliza kunahitaji uzio.

Kuhusu muda, usijihukumu wiki ya tatu. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia ndogo za kila siku. Ilichukua kwa wastani siku 66 tabia kuwa ya kawaida, na tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Yako ni ngumu kuliko kunywa glasi ya maji asubuhi, kwa hiyo jipe miezi sita. Weka pia sharti dogo lililoandikwa, la "ikiwa hivi, basi vile": ikiwa mtu atapinga wazo langu, basi nitarudia alichosema kwa maneno yangu kabla ya kujibu. Liandike juu ya daftari la vikao. Siku utakayolisahau, na itakuwepo, rudi kwa mtu husika kabla jua halijazama.

Hofu yako ya kudharauliwa naiheshimu, kwa sababu wapo viongozi wanaokiri ovyo. Anayeomba radhi kila Jumatatu kwa kosa lile lile huchosha, na mwisho hudharauliwa. Kukiri kunakojenga kunataja kitu mahususi na kufuatiwa na marekebisho yanayoonekana. Mwalimu Nyerere, akiwa bado rais, alisema katika mahojiano ya 1984 kwamba kama angeanza upya yapo mambo asingeyafanya, akataja kufutwa kwa serikali za mitaa, ambako kulifanyika 1972, na kuvunjwa kwa vyama vya ushirika mwaka 1976. Hayo hayakuwa makosa madogo. Yaligusa maisha ya mamilioni. Heshima yake haikupungua kwa kuyataja. Mimi nilizidi kumheshimu.

Kwa hiyo Jumatatu waambie maneno machache tu. Kwa mfano: "Mmeniambia nawaomba maoni nikiwa nimeshaamua. Nimeangalia vikao vyetu, ni kweli. Na nilipowaita kulizungumza, nilifanya hivyo hivyo. Kuanzia leo nitaleta tatizo kwanza na nitasema mwisho. Nikiteleza, nikumbusheni palepale." Kisha ufungue ajenda. Usiongeze historia ya bosi wako wa kwanza, usieleze ulivyoumia, usingoje kupongezwa. Wataitikia kwa kichwa, na wengi hawatakuamini, kwa sababu walishasikia maneno mazuri kabla. Baada ya wiki mbili tatu mmoja atakuletea kitu kidogo kichungu ili akupime. Inaweza kuwa jambo lisilo na uzito, au lililosemwa bila adabu ya kutosha. Zile sekunde kumi zitakuwa hapo.

Si kila ukosoaji ni wa kufuatwa, usije ukanielewa vibaya. Ukiambiwa jambo na mtu mmoja tu, mwenye kupoteza kitu kwa uamuzi wako, lipokee kwa heshima na ulipime taratibu. Likisemwa na watatu wasiokaa pamoja, lichukulie kuwa lipo mpaka uthibitishe vinginevyo. Kuna maamuzi hutayarudisha nyuma hata timu nzima ikinuna, kwa sababu yanahusu usalama, haki ya mtu, au ahadi uliyoitoa. Hayo waambie mapema kwamba yameshaamuliwa, na usiwaombe maoni juu yake. Kuomba maoni ya bure ndiko kulikokufikisha hapa.

Limebaki la yule unayedhani ndiye aliyeandika aya. Usimtafute. Usizungumze naye kuhusu hilo, wala kwa upole, wala kwa kumshukuru. Aliahidiwa siri, na siku utakayoonyesha kwamba umemfahamu, wote tisa watajua kwamba dodoso lijalo lijazwe kwa maneno matamu. Huenda hata si yeye. Ila kuna kitu kimoja nataka ukichunguze wiki hii, na hapa ule ukurasa uliogawanywa kati utakufaa: tangu upate majibu yale, umemsalimia kama zamani? Umempa kazi ile ambayo ungempa? Alipoinua mkono kikaoni, ulimpa nafasi haraka kama wengine? Ukiona umempunguzia chochote, mrudishie kimyakimya, kesho asubuhi.